Daftari la Jino la Kwanza

«Watu wote wa Mwalugoye, wenye meno na wasio nayo, wanatangaziwa kwamba Serikali imekwisha kujua ni lini mtoto apelekwe kwa daktari wa meno kwa mara ya kwanza. Zamani jambo hili lilikuwa likifanyika ovyoovyo, yaani halikuwa likifanyika kabisa. Kuanzia sasa litafanyika kwa utaratibu.»

Ndivyo lilivyoanza tangazo lililobandikwa ukutani mwa boma dogo la Mwalugoye, mwaka wa pili baada ya nzige. Mwandishi wake, Karani Zamoyoni bin Pazi, alikuwa Mzaramo wa pwani mwenye tarbushi nyekundu na mwandiko mzuri kuliko wote kati ya Shinyanga na Kahama. Hayo ya mwandiko alikuwa akiyasema mwenyewe. Alirudi nyuma hatua tatu, akalitazama tangazo lake, akasikia machozi yanamlengalenga, wala hakuwa na hakika kama yanatoka kwa fahari au kwa jino.

Habari hizi tumezipata kwake. Alizisimulia kwa miaka mingi, na kila aliposimulia alijifanya mjinga zaidi ya mara iliyopita, hata wageni wakadhani anatia chumvi. Hakutia. Sisi tulikuwepo, na baadhi ya ujinga ule ulikuwa wetu.

Chanzo kilikuwa barua ya mistari minne kutoka Mwanza. Daktari wa meno, Mzungu, alikuwa akisafiri kwa reli. Angeshuka Shinyanga, na siku ya Alhamisi angepita Mwalugoye kwa lori kuwatazama watoto wadogo. Akina mama waambiwe wawalete mara jino la kwanza litokapo, wasingoje mpaka mtoto aumwe. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, aliyekuwa akienda Kahama kukagua visima, aliisoma barua hiyo mguu mmoja ukiwa juu ya gari. Akasema, "Zamoyoni, waambie." Gari likaondoka.

Sasa, kuambia ni kazi ya mtu asiyejua kusoma. Zamoyoni alikuwa na miaka kumi na saba ya ukarani, wino wa rangi mbili, muhuri, na tamaa ya kuhamishiwa Mwanza awe karani mkuu. Alijifungia siku mbili. Alipotoka, ile mistari minne ilikuwa imezaa vifungu kumi na viwili.

Kifungu cha kwanza kilisema mara ya kwanza ya mtoto ni pale jino lake la kwanza litokapo, na aliyekwisha kupitisha jino la kwanza amekwisha kupitisha mara ya kwanza. Cha pili kilisema hakuna atakayepokewa mara ya pili ikiwa hakupokewa mara ya kwanza. Zamoyoni aliviona viwili hivyo vinakwenda pamoja kama jozi ya viatu. Cha nne kilitaka mtoto apakatwe na mama yake, au bibi yake, au mwanamke yeyote atakayejitwika umama mbele ya daktari, na neno la huyo aliyempakata halitapingwa na mtu.

Cha saba ndicho alichokipenda zaidi, maana kilionyesha kwamba amefikiri. Watu wa huku hawaandiki siku za kuzaliwa. Basi mtu ambaye umri wake haukuandikwa popote angehesabiwa mtoto mchanga iwapo hatafuni kitu kigumu, analia bila kueleza, na halali mpaka abembelezwe. Zamoyoni alimsomea mkewe Mwasiti kifungu hicho mara tatu. Mwasiti alikuwa akikoroga uji, akasema ni kizuri, na kwamba kinamkumbusha mtu fulani.

Kilichoharibu mambo ni cha tano. Alipochora daftari la wagonjwa, upande wa kulia wa karatasi ulibaki na nafasi tupu, na nafasi tupu humkera karani kama kiraka kwenye kanzu ya Idi. Akaijaza. Akaandika safu ya mwisho: «Jino la kwanza lilitoka juu au chini?»

Hapo ndipo anapojipiga paji la uso kila anaposimulia. Maana Zamoyoni alijua. Kwao Uzaramo, kama huku Usukumani, hakuna atamkaye kwamba mtoto ameota jino mpaka bibi wawili watatu wamechungulia ufizi kwanza. Likitoka la chini, vigelegele. Likitoka la juu, mtoto ni kigego, nuksi ya ukoo mzima, na zamani watu walikuwa wakifanya mambo ambayo afadhali tusiyaandike. Hilo kila aliyezaliwa na mwanamke analijua. Ila mtu akishashika kalamu ya serikali, husahau kidogo kwamba naye alizaliwa na mwanamke.

Tarishi wa boma, Maduhu, askari wa zamani mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alizunguka siku sita sokoni na vijijini akivitangaza vifungu vyote kumi na viwili, mpaka watu wakavikariri na watoto wakavichezea ngoma. Lakini akina mama waliposikia cha tano walitazamana. Serikali inawasaka vigego. Kuanzia saa ile hapakuwa na mtoto mchanga mwenye jino katika nchi yote ya Mwalugoye.

"Mama Melania," Maduhu alimuuliza jirani yake, "mwanao anatafuna nini?"

"Hatafuni."

"Namwona anatafuna muhogo."

"Anaufinyafinya tu, Baba. Ufizi wake mgumu, kama wa baba yake."

Maduhu aliandika kwenye kumbukumbu yake: meno hakuna, ufizi mgumu. Zamoyoni alifurahi sana kupata habari hizo, akaziwekea jalada lake.

Wakati huo huo jino lake mwenyewe, gego la juu upande wa kushoto, lilikuwa limeingia siku ya tisa ya kuuma. Alilijaza karafuu. Alilifunga kwa leso, fundo juu ya utosi, kisha akavaa tarbushi juu ya fundo, ikawa imekaa upande. Hakuwahi kumwendea daktari wa meno maishani. Kijijini kwao aliyeng'oa meno alikuwa mhunzi, na alitumia msumari uleule aliotobolea majembe. Kwa hiyo Zamoyoni alikuwa amepanga vizuri kabisa: daktari angefika, angewatazama watoto, angeondoka, na yeye angebaki na jino lake salama. Hakuna kifungu kilichosema karani atazamwe.

Alhamisi daktari alifika saa mbili asubuhi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye Kiswahili cha vitabuni, na kabla hajamaliza kunawa mikono watu walikwisha kumwita Bwana Meno. Alikunjua kiti chake barazani, akapanga koleo zake juu ya kitambaa cheupe, akangoja. Saa tatu. Saa nne. Watu walijaa uwanjani kutazama kiti, wote wakubwa. Bwana Meno alikwenda ukutani akalisoma tangazo lote kwa utulivu, akalirudia tena, akitabasamu mahali fulanifulani.

"Umeandika wewe?"

"Naam, bwana."

"Mimi niliomba waambiwe walete watoto."

"Naam, bwana. Ndivyo lisemavyo, kwa urefu."

"Saa saba lori langu linaondoka, niwahi gari-moshi Shinyanga. Nitarudi baada ya mwaka."

Saa tano ndipo alipokuja Nyamizi.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, mwenye mabega ya jembe, na alikuwa ametembea tangu alfajiri na mjukuu mgongoni. Mtoto aliitwa Mbuke, msichana wa miaka minne hivi. Baba yake Maige alikuwa Geita akichimba dhahabu, mama yake alikuwa amejifungua juzi, basi aliyebaki wa kumbeba alikuwa bibi. Shavu moja la Mbuke lilikuwa limevimba hadi jicho limezibwa, linang'aa kwa kujaa. Hakulia. Alikuwa amelia siku nne, sasa nguvu zimemwishia, na joto lake ulilisikia kwa kumkaribia tu.

"Mwangaluka, mtani," Nyamizi alimwamkia karani kwa Kisukuma.

Zamoyoni alijikaza. Kwa umri alipaswa kumpa yule mama shikamoo, lakini aliamini kwamba ofisi haitoi shikamoo. Na hilo la utani lilimkera kwa sababu lilikuwa kweli. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara, na mtani wako akikuita punda mbele ya watu unacheka, ukikasirika umeaibika mara mbili. Mwaka wa nzige aliwahi kumshtaki mtu barazani kwa kuidharau tarbushi ya serikali. Mtemi aliuliza neno moja tu, "Ni mtani?" Kesi ikaisha hapo.

"Huyu mtoto ana meno mangapi?" aliuliza, akifungua daftari.

"Yote."

"Basi amepitisha jino la kwanza. Kwa kifungu cha kwanza, mara yake ya kwanza imekwisha kupita."

"Ilipita lini? Hajawahi kuja."

"Ndiyo hiyo. Hakuja ilipopita."

"Basi mwandike mara ya pili."

"Mara ya pili ni ya aliyekuja mara ya kwanza. Kifungu cha pili."

Watu uwanjani walianza kusogea. Nyamizi alimshusha mtoto, akamlaza kwenye kivuli cha ukuta, akamfunika kwa nguo yake ya kujitanda. Kisha alirudi mbele ya meza. Hakuwa anajua kusoma hata herufi moja, lakini alikuwa amemsikia Maduhu siku sita.

"Kifungu cha saba," alisema. "Umri wake haukuandikwa. Hatafuni kitu kigumu. Analia bila kueleza. Halali mpaka abembelezwe. Huyu ni mchanga."

Zamoyoni hakutegemea kifungu chake kipendwa kije kumng'ata. Alimeza mate, mate yakapita jinoni, akaona nyota mchana.

"Kifungu cha saba hakijatumika bado," alisema.

"Kitumie."

"Mama, kifungu cha serikali hakianzi kutumika hivihivi. Lazima kwanza pawe na mfano. Mtu apokewe kwa kifungu hicho, aandikwe namba moja, ndipo wengine wafuate."

"Na huyo namba moja atapatikana wapi?"

"Hilo ni swali zuri," alisema Zamoyoni, akashika shavu.

Nyamizi alimtazama. Aliitazama leso, akaitazama tarbushi iliyokaa upande, kisha akautazama mkono juu ya shavu.

"Mtani wangu," akasema taratibu, "jana umekula nini?"

"Hilo halihusiani."

"Uji!" ilijibu sauti kutoka kundini. Alikuwa Mwasiti, mkewe, na bakuli la uji mkononi, maana ndiyo ilikuwa saa yake ya kumletea. "Na juzi uji. Siku ya tisa leo, mama."

"Analia?"

"Analia. Nikimuuliza wapi panauma, anasema niache."

"Analala?"

Mwasiti aliinamisha macho, kwa heshima ya ndoa. Kisha akayainua. "Nikimwimbia," alisema.

Kicheko kilichopigwa uwanjani siku ile kilisikika hadi kisimani. Zamoyoni alitafuta hasira, akakumbuka utani, hasira ikakosa pa kutokea. Bwana Meno alisimama, akaja hadi mezani.

"Umri wa bwana karani umeandikwa mahali?"

Haukuandikwa. Alipoomba kazi alijaza «kadiri ya ishirini», na mwaka wa kuzaliwa kwake aliujua kwa jina la mafuriko tu.

"Bwana," Zamoyoni alinong'ona, "si ungemtazama tu yule mtoto? Mimi nifunge daftari."

"Tangazo lina muhuri," alisema Bwana Meno. "Kulitangua siwezi, hiyo ni kazi ya Bwana Shauri, naye yuko Kahama. Ninachoweza ni kulitii. Nipe namba moja, nitampokea namba mbili."

Utingo wa lori alikuwa tayari akimimina maji kwenye mtambo. Zamoyoni alitazama pale kivulini. Mbuke alikuwa amefungua lile jicho moja lililobaki, anamtazama yeye, bila chuki wala ombi, kama mtu atazamavyo mvua. Ndipo karani alipoona aibu. Haikuwa aibu ya kuchekwa, hiyo alikwisha kuizoea tangu saa tano. Aliona aibu ya kweli, ya mtu aliyeweka mlango mahali palipokuwa wazi kisha akasimama mlangoni.

Alivua tarbushi, akampa Maduhu aishike. Akaenda akakikalia kiti.

"Hapana," alisema Maduhu, aliyevijua vifungu kuliko mwandishi wao. "Cha nne. Apakatwe."

Basi Zamoyoni alisimama tena. Nyamizi alikaa kwenye kiti, akaitanua miguu yake, akajipiga mapajani mara mbili. "Njoo, mwanangu," alisema, na Karani Zamoyoni bin Pazi, mwenye koti la vifungo sita na kalamu mbili mfukoni, alipakatwa mbele ya watu mia mbili. Yule mama alimzungushia mkono mmoja kifuani. Anasema hakupata kushikwa vile tangu mama yake alipofariki, na kwamba kwa dakika moja alitamani daktari asije. Daktari akaja. Mambo ya koleo hatutayaeleza. Inatosha kusema kwamba Nyamizi alimwimbia, na kwamba Mwasiti aliusahihisha wimbo.

"Namba moja," alisema Bwana Meno, akachukua daftari mwenyewe kwa kuwa karani alikuwa anatema damu kwenye bakuli la uji. "Jina ninalo. Aliyempakata: Nyamizi. Na safu hii ya mwisho. Jino lake la kwanza, mama, lilitoka juu au chini?"

Zamoyoni alitikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha chini kwa vidole vya mikono yote miwili. Hakuweza kusema, mdomo ulikuwa na pamba.

"Juu," alisema Nyamizi.

"Mhh! Mhh!"

"Neno la aliyempakata halipingwi," Maduhu alikumbusha.

"La juu, bwana. Mimi ndiye mama."

Akaandikwa.

Kisha akaja namba mbili. Bibi alimpakata Mbuke palepale, pakiwa bado na joto la karani. Bwana Meno alimsemesha kidogo, akamwonyesha kioo chake kidogo, akakitumbua kile kijipu cha ufizi na kulitoa jino bovu la utotoni. Mbuke alimuuma kidole mara moja. Usaha ulitoka mwingi, na uso wa mtoto ukaanza kurudi mahali pake tukiwa tunautazama. Lori lilipowashwa alikuwa amelala usingizi wake wa kwanza katika siku nne, bila kuimbiwa na mtu.

"Angekuja akiwa na jino moja," Bwana Meno alimwambia karani akifunga sanduku, "angekizoea kiti hiki huku anacheka. Siku nyingine yasingefika hapa." Zamoyoni alitikisa kichwa kukubali. Alitaka kuuliza kama maneno hayo yaandikwe, akaona anyamaze.

Nyamizi aliyachukua meno mawili, dogo na kubwa, akayarusha juu ya paa la boma kama ifanywavyo, ili mtoto aote mapya. Yaligonga bati, ko, ko, yakatulia. La Mbuke limekwisha kuota.

Bwana Shauri aliporudi alilitia daftari sahihi bila kulisoma, maana lilikuwa na mwandiko mzuri, akaongeza kwa mkono wake: «Nimehakikisha mwenyewe». Likapelekwa Mwanza. Baada ya miezi miwili majibu yakaja. Wakubwa walipendezwa kwamba Mwalugoye ilileta watoto wawili. Hata hivyo walishangaa kuona kwamba mtoto mchanga namba moja, ambaye Bwana Shauri amemhakikisha mwenyewe, ndiye pia karani wa boma. Kumwajiri mtoto mchanga bila idhini ya mzazi ni kinyume cha sheria. Bwana Shauri aeleze. Na kwa kuwa neno la aliyempakata halipingwi, mama wa mtoto aitwe, aseme kama anaridhia mtoto huyo aendelee na kazi.

Bwana Shauri aliisoma barua hiyo mara mbili, akalisoma daftari mara ya kwanza, akawa mwekundu hadi masikioni. Kukana sahihi yake hakuweza. Akamtuma Maduhu akamwite Nyamizi kwa heshima zote, na alipofika, Bwana Shauri mwenyewe alimpisha kiti chake, kwa sababu vingine vyote vilikuwa na majalada juu yake.

Mbuke alikuwa amekuja naye, anatafuna bisi. Zamoyoni alisimama mbele yao, tarbushi mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama," Bwana Shauri alisema, akikohoa, "je, unaridhia huyu aendelee na ukarani?"

Nyamizi aliutazama muhuri, na wino wa rangi mbili, na lile tangazo ukutani ambalo mchwa walikwisha kufika kifungu cha tisa. Huko nje akina mama kadhaa walikuwa wamesimama, wamebeba watoto wao. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kigego ameandikwa kwenye daftari na hakufanywa lolote, bado anakula mshahara na anazidi kunenepa.

"Aendelee," alisema. "Ila mwakani daktari akija, asiandike."

"Afanye nini, basi?"

"Atuambie."